Eks amerudi kama kwenye riwaya, nimfungulie mlango?

Mwezi huu barua nyingi zimekuwa juu ya riwaya za mapenzi, hasa zile tamu za watu walioachana wakapatana tena, ama mtu aliyevunjwa moyo akapenda upya. Sikutarajia zigusane na maisha ya watu hivi. Nimechukua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua iko na wenzake wengi humu Nairobi ambao hawajaandika.

Habari dada. Nina miaka 33, naishi Umoja, nafanya kazi ya uhasibu Industrial Area. Rafiki yangu wa kazini alinipea kitabu fulani, hadithi ya mwanamke ameachika anarudi mji mdogo huko Marekani kusimamia duka la mikate la nyanyake, kufika anapata yule kijana walipendana wakiwa sekondari, yule alimwacha bila neno, bado yuko palepale na amefungua karakana ya fanicha. Wanazungushana kurasa 300 hivi, mwisho wanaoana. Nililia kwa matatu Jogoo Road yote na mimi si mtu wa kulia. Sasa shida ni hii. Miaka minne iliyopita niliachwa kamati ya harusi ikiwa imeshakaa, watu wameshatuma pesa, mamangu ameshashonewa nguo. Jamaa akaingia mitini, baadaye tukasikia ako na mwingine Kitengela. Juzi ameanza kunitumia meseji usiku, "umelala?", "nimekukumbuka", na tangu nisome hicho kitabu najipata nikijibu. Hivi vitabu vinatudanganya ama kweli mtu hubadilika?
*Msomaji, Umoja*

Pole dadangu. Naanza na pole juu pale kwa kamati ya harusi ndipo barua yako ilinishika, kuachwa ni uchungu lakini kuachwa watu wakiwa wameshachanga ni uchungu mwingine kabisa, maana hukuachwa peke yako, mamako naye aliachwa, shangazi zako pia, na kila mtu aliyetuma elfu moja yake na bado mnakutana kanisani.

Kitabu hakijakudanganya. Ila kuna kitu kitabu kilikupa ambacho huyu jamaa hajakupa, na nataka ukitazame vizuri. Hizi riwaya za kurudiana siku hizi nyingi huandikwa kwa sauti mbili, sura moja mwanamke, inayofuata mwanaume. Kwa hivyo kabla huyo fundi wa fanicha hajafungua mdomo kuomba msamaha, wewe ulikuwa umeshakaa ndani ya kichwa chake, ulijua sababu ya kuondoka kwake, ulijua anajuta, ulimwona akipita mbele ya duka akashindwa kuingia, yote hayo yule mwanamke akiwa hajui lolote. Hiyo ndio ilikuliza. Sasa kwa maisha yako wewe huna sura zake. Una zako tu, na ndani ya zako huyu mtu ametokea saa tano usiku na neno moja, "umelala?". Zile sura zingine ni wewe unamwandikia. Unamjazia majuto, unamjazia usiku wa kukosa usingizi, unamjazia yale maneno ungependa awe anajiambia, na unaziandika vizuri juu umetoka tu kusoma kitabu kizuri.

Kitu kingine, aina hii ya kitabu ina ahadi ndani yake. Chama cha Romance Writers of America, kilichoanzishwa 1980, kilieleza kwamba riwaya ya mapenzi inahitaji mambo mawili, mapenzi yenyewe yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Msomaji anafungua kitabu akijua watafika. Ndio maana unaweza kumvumilia kijana wa watu akikosea kurasa 200, mwandishi ameshakuhakikishia. Huyu wa Kitengela, nani amekuhakikishia?

Nakuomba urudi kwa hicho kitabu usome tena pale katikati, achana na harusi ya mwisho. Kwa vitabu vya aina hii vilivyoandikwa na mtu anayejua kazi yake, aliyeumiza huwa ameshabadilika kabla mwenzake hajatokea. Ile karakana haikuwekwa pale ili apendeze, iliwekwa ili uone amekuwa mtu wa kuamka asubuhi, kulipa watu wake na kumaliza alichoanza, na alifanya hivyo miaka ambayo hakuwa na tumaini la kumwona tena. Halafu akiomba msamaha anataja kosa lenyewe kwa jina, nilikuacha siku fulani kwa sababu fulani, bila "lakini" na bila "unajua pia wewe". Na akiambiwa hapana anakubali hapana, hageuki mkali, hakasiriki. Mimi hapo ndipo humpimia mwanaume wa kitabu. Akiambiwa hapana anafanyaje.

Kwetu hapa mtu aliyeharibu harusi anajua njia ya kurudi. Inapitia kwenu. Anatafuta mzee mmoja wawili wa kwao, wanaenda kwa mamako wanakaa chini wanasema tulikosea, na mambo ya pesa za watu yanaongelewa bila kuzungushwa. Hata kama hamtarudiana anafanya hivyo, juu deni la heshima halina uhusiano na kama wewe bado unampenda.

Kwa hivyo fanya hivi. Meseji za usiku usijibu. Siku moja mchana, ukiwa umeshiba na huna presha ya kazi, mwandikie mara moja umuulize kama bado ako na huyo wa Kitengela, umuulize wiki ile alipopotea ni nini hasa kilitokea, na umuulize kama yuko tayari kwenda kumwona mama. Kisha weka simu chini uendelee na maisha. Akizunguka, akisema tukutane kwanza tuongee, ushapata jibu. Na hata akijibu yote vizuri hulazimiki kumrudia, kusamehe ni kitu na kurudiana ni kitu kingine, kuna riwaya nzuri sana ambazo msamaha unakuja mapema na mapenzi yanachukua nusu ya kitabu kufuata.

Kile kilio cha Jogoo Road nacho usikionee aibu. Ulikuwa umejiambia hiyo sehemu yako imekufa, sasa umejua iko hai. Hiyo ni yako wewe, na si lazima apewe huyu.

Mambo dada. Mimi ni wa Rongai, naandika riwaya yangu ya kwanza kwa Kiswahili. Msichana ni msusi Kenyatta Market, mpenzi wake alienda Saudia kufanya kazi akanyamaza miaka sita, sasa amerudi anataka waanze upya. Nimefika ukurasa wa 80. Marafiki wawili wamesoma wote wanasema msichana ni mjinga kumsamehe, na mimi sikutaka awe mjinga, mimi nampenda huyo msichana. Sababu ya jamaa kunyamaza ni kwamba simu yake iliibiwa akapoteza namba. Nirekebishe wapi?
*Mwandishi, Rongai*

Nimefurahi sana unaandika, na unaandika kwa Kiswahili, na umemweka msusi wa Kenyatta Market katikati ya kitabu. Pale mahali pana kila kitu mwandishi anaweza kutaka, moshi wa nyama choma, wasusi watatu kwa kichwa kimoja, siri za watu zinamwagwa hapo kwa kiti saa nne mfululizo. Msichana anayefanya kazi pale amesikia hadithi zote za kuachwa zilizoko Nairobi. Sasa mbona anaamini ya simu kuibiwa?

Hapo ndipo marafiki zako wamekwama, hata kama hawajalisema hivyo. Msomaji wa hapa anajua mtu akipoteza namba kuna Facebook, kuna dadake, kuna jirani, kuna yule binamu ambaye hutuma M-Pesa kila mwezi. Kutengana ambako kungemalizwa na simu moja tu si kutengana kwa kubeba kitabu kizima. Tafuta sababu ambayo hata angekuwa na namba yake asingepiga.

Na hiyo sababu unayo mkononi, umeshaitaja. Saudia. Unajua vile wengi huenda, wanakopa pesa ya ajenti, shamba linauzwa, familia nzima inangoja. Ukifika huko miaka hiyo mfumo wa kafala ulikuwa unakufunga kwa mwajiri mmoja, na wako waajiri ambao huchukua pasipoti ya mfanyakazi wakaikalia. Sasa mfikirie kijana aliyeahidi kurudi na mahari, yuko ndani ya hali kama hiyo, mshahara haulipwi, deni linakua huku nyumbani. Mwezi wa kwanza anadanganya kwamba mambo ni sawa. Wa tano anashindwa kuendelea kudanganya, basi ananyamaza. Aibu hiyo kila msomaji wako ataielewa, ana kaka ama rafiki aliyerudi mikono mitupu akajificha ushago kwanza. Lakini usiiache aibu imsafishe kabisa! Msichana lazima apate nafasi ya kumwambia usoni, ulinichagulia, uliamua peke yako kwamba nitakudharau, hukuniuliza. Hilo ndilo kosa lake halisi na ndilo ataomba msamaha kwa ajili yake, si Saudia.

Kwa nini watu wakaachana ndio moyo wa hadithi za aina hii tangu zamani. Kuna riwaya ya Jane Austen, Persuasion, ilitoka mwishoni mwa 1817 miezi michache baada ya yeye kufariki. Anne Elliot ana miaka 19, amechumbiwa na afisa wa jeshi la majini asiye na mali, mama mmoja wa karibu na familia anamshawishi avunje uchumba, naye anavunja. Miaka minane baadaye mwanaume anarudi na pesa zake na hasira zake. Kati yao hakuna aliyekuwa mwovu. Kuna msichana aliyesikiza wakubwa na mwanaume ambaye kiburi kilimzuia kuuliza mara ya pili, na kila mmoja anapaswa kuvuka kosa lake mwenyewe kabla hajamfikia mwenzake. Ukitoa magauni na farasi, hiyo ni barua ninayoletewa kila mara kutoka Embakasi, wazazi walikataa juu hakuwa na kazi.

Sasa huyo msichana wako. Watu wanamwita mjinga kwa sababu umemweka miaka sita akingoja. Mpe miaka yake jamani. Alianza akiwa msaidizi kwa kibanda cha mtu, sasa ana kiti chake, ana chama, labda alikaribia kuolewa na mtu mzuri wa Ngong ikashindikana. Awe na kitu cha kupoteza. Na kabla hajamkubali, mfanye amkatae, amkatae kweli, sura nzima, kiasi kwamba msomaji aamini imeisha. Mwanamke anayeweza kuishi bila yeye akichagua kumrudia hakuna atakayemwita mjinga.

La mwisho, usimwage mambo yote ya zamani sura ya kwanza. Acha msomaji ajue tu kwamba kuna jina halitajwi pale kibandani, kisha toa kidogo kidogo. Na urefu usikutie hofu, vile vitabu vidogo vya mapenzi vya Mills & Boon mara nyingi ni kama maneno 50,000 tu, ukurasa wa 80 uko mbali sana na mwanzo. Tafadhali usimfanye msichana augue ama afilisike ili jamaa aje kumwokoa. Hiyo inafuta kila kitu ulichojenga.

Salamu mama. Mimi ni mzee wa miaka 58, Kayole. Mke wangu alitutoka. Binti yangu aliniwachia kitabu cha mapenzi ya watu wazima waliofiwa, nikakisoma mara mbili bila kumwambia mtu. Jumuiya yetu kuna mama mjane ambaye amekuwa mwema kwetu, na mimi naanza kumfikiria. Nasikia wasomaji wakiongea juu ya nafasi ya pili, nilidhani ni ya walioachana wakarudiana. Je, hata sisi tumo? Na nikimpenda huyu si ni kama namfuta mama watoto?
*Baba, Kayole*

Mzee wangu, pole sana kwa mama watoto. Na asante kwa kuandika, wanaume wengi wanasoma hivi vitabu kimya kimya na haifai kuwa siri.

Ndiyo, mumo. Wasomaji wanachanganya lakini ni njia mbili. Kuna ya kumrudia yuleyule, na kuna ya moyo uliovunjika kupenda tena mtu mwingine, na hii ya pili kwangu ndiyo ngumu zaidi kuandika vizuri, maana hakuna wa kulaumiwa. Waandishi wavivu humfanya marehemu awe alikuwa mbaya, ati alikuwa mkali, ati ndoa ilikuwa imekufa zamani, ili yule mpya apate nafasi. Hivyo vitabu mimi huvifunga. Vilivyo vizuri vinaiacha picha yake ukutani. Mke mpya anaikuta pale, anaifuta vumbi, siku moja anauliza, alikuwa anapenda nini? Na mwanaume anaweza kujibu bila kutetemeka.

Hicho kitabu uliletewa na binti yako baba. Watoto wetu wengi hawawezi kumwambia mzazi uso kwa uso "ni sawa ukipata mtu", basi huyu amekupa kurasa zimsemee. Muulize amekionaje. Anza na kitabu, mengine yatafuata yenyewe. Na kwa huyo mama usifanye haraka, usimtume mtu, ongea naye mwenyewe siku jumuiya ikiisha, na yeye alizika, anajua hilo eneo kama wewe. Kama anamtaja marehemu mumewe mbele yako kwa uhuru na wewe unamtaja mkeo mbele yake, mko pazuri. Wazee na padre wanaweza kuja baadaye.

Nina binti wa miaka 15, nimemkuta na riwaya za mapenzi kutoka kwa marafiki wa shule. Wameniambia ni zile tamu, hazina mambo ya chumbani. Nimwachie?
*Mama wa watoto wawili, South B*

Mwachie, lakini soma moja wewe kwanza, ni jioni mbili tu. Ni kweli hizo tamu mlango wa chumba unafungwa na msomaji anabaki nje, yote yako kwa kuangaliana na kushikana mikono. Ila mimi mambo ya chumbani siyo huwa naangalia kwanza. Angalia vile mwanaume anavyomtendea msichana akikasirika. Kuna vitabu safi kabisa kwa hayo mengine ambapo jamaa anafuata msichana kila mahali, anachukua simu yake, anamkataza marafiki, na mwandishi anakuonyesha kana kwamba huo ndio upendo. Ukikuta hicho usikichome wala usikinyang'anye, kaeni mkiongee, muulize angekuwa rafiki yake ndiye huyo msichana angemwambia nini. Atakushangaza.

Napenda hivi vitabu lakini dukani ni bei. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Ngara. Naweza kupata wapi?
*Mwanafunzi, Ngara*

Uko pazuri sana, unaenda mjini kwa miguu. Anza na wauza vitabu vya mtumba wanaotandika kando ya barabara, vitabu vya mapenzi havikosekani kwa hayo marundo na ukibargain vizuri bei inashuka sana. Kina Mills & Boon, kampuni iliyoanza London 1908, vimezunguka huu mji toka mama zetu wakiwa wasichana, utakuta kimeandikwa majina ya wenyewe watatu wanne ndani ya jalada. Uliza muuzaji kama atachukua ulichomaliza akupe kingine uongeze kidogo, wengi wanakubali wakishakuzoea.

Halafu kuna maktaba. McMillan pale Banda Street, karibu na msikiti wa Jamia, iko tangu 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara kama una rafiki Eastlands. Upper Hill kuna Maktaba Kuu ya taifa. Kwa maktaba usiulize tu "mko na vitabu vya mapenzi", tembea mwenyewe kwa rafu za hadithi, za Kiswahili pia, kuna mapenzi mengi mazuri yamejificha ndani ya riwaya ambazo watu wanazijua tu kama vitabu vya mtihani.

Kitu kimoja ukinunua vya barabarani, kabla hujatoa pesa fungua mwisho uhakikishe kurasa zote ziko. Hivyo vya zamani gundi hukauka na za mwisho ndizo hutoka kwanza.